Hivi binadamu anaweza kubadili kasi ya dunia kujizungusha, au tunapigwa kamba?

Mkazi_wa_Tabata:
Wadau, kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, eti Wachina walipojaza Bwawa la Three Gorges dunia ikapunguza mwendo. Kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi naona ni kamba. Dunia yote hii, bwawa moja? Wenye uelewa wateremke.

Fundi_Sinza:
Siyo kamba. Yupo mtaalamu wa NASA, Benjamin Fong Chao, alipiga hesabu. Maji kilomita za ujazo 40 yakikaa pale, siku inarefuka kwa sekunde 0.06. Fizikia ya kawaida tu hiyo.

Mwl_Temeke:
Sekunde 0.06 za MILIONI moja, mkuu. Yaani 0.00000006. Umeruka sifuri sita.

Fundi_Sinza:
Hawa ndio watu wa HKL, historia na lugha. Hoja hawaioni, wanaona sifuri.

Mwl_Temeke:
HKL nimesoma kweli, na sifuri zako nimekuhesabia mimi. Wewe wa PCM, wa fizikia na hesabu, ulikuwa wapi?

Ndugu_Mchungaji:
Zaburi inasema nchi imewekwa juu ya misingi yake isitikisike. Binadamu ni nani hata aiyumbishe? Tusikufuru kwa ajili ya klipu.

Mhaya_wa_Ubungo:
Mchungaji, siku ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 ungekuwa Bukoba ungetuambia vizuri kama haitikisiki.

Ndugu_Mchungaji:
Kijana, misiba ya watu usiifanyie mzaha.

Mhaya_wa_Ubungo:
Ni kwetu, mzee wangu. Nyumba ya baba ilipata nyufa. Sifanyi mzaha.

Baharia_Mstaafu:
Wekeni HKL na Zaburi pembeni kidogo. Kinachohesabika ni maji yako umbali gani na mhimili wa dunia. Mtu anayejizungusha akinyoosha mikono, mwendo unapungua, akiikunja, unaongezeka. Maji ukiyatoa baharini ukayarundika karibu na ikweta, umenyoosha mikono. Ukiyarundika kaskazini kupita nyuzi 35 hivi, umeikunja, dunia inaongeza kasi. Three Gorges iko kama nyuzi 31, jirani na mpaka huo, ndiyo maana athari yake kiduchu. Sasa Bwawa la Nyerere pale Rufiji liko nyuzi 8 kusini. Tani kwa tani, la kwetu linaichelewesha dunia kuliko la Mchina.

Dada_Mbezi:
Kumbe! Basi lingechelewesha na mita yangu ya umeme. Hiyo inakimbia kuliko dunia.

Bodaboda_Msomi:
Dada umenena. Megawati 2,115 tunaambiwa, mimi huku Mbagala jana nimekula kwa tochi.

Fundi_Sinza:
Kukatika mtaani kwenu ni transfoma na nguzo, siyo bwawa. Hata hilo hamlijui?

Bodaboda_Msomi:
Anayeruka sifuri sita leo anatufundisha transfoma.

Kijana_Kigamboni:
Mabwawa ni madogo jamani. Angalieni barafu. Greenland na Antaktika zikiyeyuka, maji yanatoka kwenye ncha yanasambaa kuelekea ikweta. Utafiti wa 2024 unasema tangu 2000 hilo linarefusha siku kwa kiwango cha milisekunde (elfu ya sekunde) 1.33 kwa karne. Mwezi, unaotuvuta tangu enzi, unatupunguza kama 2.4. Tunaufukuzia mwezi! Lile tetemeko la Sumatra la 2004, lililoleta tsunami mpaka fukwe zetu hapa Dar, lilifupisha siku kwa maikrosekunde (milioni ya sekunde) kama 2.7 tu.

Mkazi_wa_Tabata:
Lakini nimesikia miaka hii dunia inaongeza kasi. Sasa mbona mnasema inapungua?

Kijana_Kigamboni:
Vyote ni kweli. Kiini kimiminika cha dunia kinapunguza mwendo, kwa hiyo huku juu tunaongeza. Barafu inavuta upande wa pili. Tangu 1972 saa za dunia zimeongezewa sekunde 27, ya mwisho ikaingia Dar ikiwa saa tisa usiku wa kuamkia 1 Januari 2017. Sasa wanafikiria kuondoa moja, na barafu hiyo ndiyo imelisogeza jambo hilo kutoka 2026 hadi kama 2029.

Bodaboda_Msomi:
Sekunde moja? Mwendokasi wenyewe nasubiri nusu saa.

Fundi_Sinza:
Mwl_Temeke sijamaliza na wewe. Taja mtu mmoja wa HKL aliyejenga hata daraja la mguu.

Mwl_Temeke:
Aliyekufundisha kuandika hiyo sentensi. Tena umekosea alama ya koma.

Dada_Mbezi:
Hakuna koma iliyokosewa hapo, mwalimu.

Mwl_Temeke:
Dada Mbezi na wewe ni PCM?

Dada_Mbezi:
CBG. Endeleeni.