The Spanish Tragedy: kama mwisho umeshatajwa, hila zina kazi gani?

Muuliza swali
Wakuu, nina swali kuhusu tamthilia hii ya Thomas Kyd, iliyosajiliwa kwa uchapaji London mwaka 1592. Kwenye onyesho la kwanza tu, Kisasi (mhusika anayesimama kama kisasi chenyewe) anauambia mzimu wa Andrea, askari Mhispania aliyeuawa vitani na Balthazar, mwana wa mtawala wa Ureno, kwamba Balthazar atauawa na Bel-imperia, mpenzi wa Andrea. Sasa hila za Lorenzo, kaka wa Bel-imperia, zile barua, na mchezo wa kuigiza ambao Hieronimo anautumia kuwaua maadui zake kwa visu vya kweli, si zinabaki mapambo? Na jukwaani Kisasi awekwe wapi?

Jibu la 1
Angalia Kisasi ameficha nini. Kamtaja muuaji na atakayeuawa, basi. Horatio, rafiki wa Andrea anayeuawa na Lorenzo na Balthazar, hayumo; Hieronimo, baba yake Horatio, hayumo. Ndiyo maana tendo la 2 linapoisha Andrea anang'aka: kaja kutazama kifo cha adui, kaonyeshwa rafiki yake akinyongwa bustanini.

Hila zenyewe ndizo njia ambayo majaliwa yanapitia. Chukua kisa cha Pedringano, mtumishi aliyesaidia kumuua Horatio, tendo la 3. Lorenzo anamtuma amuue Serberine, mshirika mwenzake katika mauaji hayo, huku ameshapanga walinzi wawe karibu wamkamate. Kisha anampelekea ujumbe kwamba msamaha wa mfalme umo ndani ya sanduku. Kijana aliyelibeba anachungulia: tupu. Bado analishika pale kwenye kitanzi, analinyooshea kidole, na Pedringano anamtania mnyongaji mpaka anasukumwa. Lorenzo anadhani kaziba mdomo wa shahidi, kumbe mfukoni mwa maiti mna barua ya kumtaja yeye, na mnyongaji anaipeleka kwa Hieronimo. Barua ya Bel-imperia, iliyoandikwa kwa damu na kuwataja wauaji wa Horatio, Hieronimo alikuwa ameishuku kuwa ni mtego. Sasa anaiamini. Bila sanduku lile tupu asingepata uthibitisho huo.

Ukiigiza, kijana alifungue sanduku upande wa watazamaji, peke yake, kabla ya onyesho la kunyonga. Ukichelewesha, utani wa Pedringano unakuwa kichekesho tu, hauumi.

Jibu la 2
Kuhusu Kisasi: aketi na Andrea pembeni, waonekane muda wote. Wengi huwatoa nje kila tendo likianza, na hapo wanapoteza zile ngazi tatu za kutazama: wafalme wanatazama mchezo wa Hieronimo, Andrea anawatazama wafalme, sisi tunamtazama Andrea. Na Kisasi akilala mwishoni mwa tendo la 3, alale kweli, Andrea apate taabu kumwamsha.

Muuliza swali
Nimekupata. Kwa hiyo mwandishi halisi wa mambo ni Hieronimo?

Jibu la 1
Anajiona hivyo. Kwenye mchezo wake kagawa lugha kwa waigizaji: Balthazar Kilatini, yeye Kigiriki, Lorenzo Kiitalia, Bel-imperia Kifaransa. Kaomba hata ufunguo wa ukumbini atupiwe chini, watazamaji wakishaingia. Mfalme anapongeza uigizaji huku watu wanakufa mbele yake. Lakini Bel-imperia anajichoma kisu kikweli, na Hieronimo mwenyewe anakiri hakumpangia mwisho huo. Kwa hiyo mpe mwigizaji wa Hieronimo nafasi ya kushtuka pale, sekunde mbili tatu, kabla hajafunua maiti ya mwanawe. Waigizaji wengi hupaparika kuiwahi hotuba, ule mshtuko ukapita bila kuonekana.

Jibu la 3
Ongezeni Viluppo, mwungwana wa Ureno, kwenye orodha ya wenye hila. Anamdanganya mtawala wa Ureno kwamba mwungwana mwenzake Alexandro kamuua Balthazar, na uongo unabainika Alexandro akiwa ameshafungwa kwenye mti achomwe. Ikibidi kupunguza muda, sehemu hii ndiyo hukatwa kwanza. Mimi ningeiacha: ni mahali pekee ambapo ukweli unawahi.