Naomba ushauri: nadharia ipi ifae kuwaelezea wazazi uhalifu wa vijana?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba, na sheha ameniomba nizungumze na wazazi kuhusu sababu zinazowaingiza watoto wetu katika wizi.

Nadharia ya mwanasosholojia Robert Merton ya mwaka 1938, kwamba mtu huvunja sheria pale jamii inapomtamanisha mafanikio bila ya kumpa njia halali ya kuyafikia, wazazi wataielewa upesi. Inayonishughulisha zaidi ni ya mwenzake Howard Becker, ya mwaka 1963, kwamba mtu akibandikwa jina la uovu, jina hilo huweza kumsukuma azidi kuufuata. Yupo kijana aliyekamatwa msimu uliopita akizoa karafuu za mtu jamvini. Zilirudishwa, mzee wake akaomba radhi, lakini hadi leo akipita barazani watu huzivuta simu zao karibu, na sasa haonekani tena madrasa wala uwanjani, bali huandamana na watu waliomzidi umri. Hata hivyo, Becker haelezi kwa nini aliiba mara ya kwanza, na huo kwangu ni upungufu mkubwa. Je, Travis Hirschi, anayetazama vipi mafungamano ya mtoto na wazazi na skuli humzuia asivunje sheria, atanifaa hapo?

Naombeni wenye taaluma hii, pamoja na waliowahudumia watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, mnishauri nianze na ipi, na vipi nilizungumzie suala la kubandikana majina bila ya kumfedhehesha tena kijana huyo, ambaye mtaa mzima unamjua.