Nukta nyeusi angani: ni vumbi, viputo au siki?

Mpigapicha_Uyole: Wakuu, habari za jioni. Natumia kamera ya filamu za vipande, inchi 4 kwa 5. Jumapili nilipanda mlima Loleza nikapiga vipande sita. Nimesafisha kwenye trei kwa D-76, dawa ya kutokeza picha, nikapitisha kwenye siki iliyozimuliwa ya kuisimamisha dawa, kisha fiksa ya kuifanya picha idumu. Negativi mbili zina vidoa vidogo vilivyo wazi, mwanga unapita kabisa. Kwenye picha vinatoka nukta nyeusi, tena angani tu. Nianze kuchunguza vumbi, viputo vya hewa au siki? Filamu naagiza mbali, kila kipande kikiharibika kinaniuma.

Tukuyu_Mvua: Anza na siki. Ikikutana na dawa iliyobaki kwenye filamu inatoa gesi, na gesi inatoboa utando wenye picha. Mimi niliiacha, nasuuza kwa maji matupu.

Fundi_Gangilonga: Tukuyu, hiyo ni kweli kwa dawa yenye magadi. D-76 ina boraksi, haina magadi, kwa hiyo mimi siki ningeiweka mwisho. Mkuu, chukua lenzi ya kukuzia uangalie umbo. Kiputo huacha duara safi, kingo kali. Vumbi halina umbo maalumu, mara nyingine ni uzi. Tobo la gesi ukiliinamisha kwenye mwanga unaona kishimo. Na si angani tu, ila kwenye miti na mabati vidoa vinajificha.

Mama_Mafinga: Mwanangu, kiangazi hiki na kupanda mlima, mimi nasema vumbi. Linakaa juu ya filamu ndani ya holda, kile kibebeo cha vipande viwili, kimoja kila upande, mwanga haufiki hapo, ndiyo maana panabaki wazi. Lingekuwa limenasa wakati wa kukausha, nukta ingetoka nyeupe kwenye picha. Mimi nachemsha maji bafuni, mvuke ukishatua vumbi nasubiri pakauke, ndipo napakia. Kifuniko cha holda kivute taratibu. Ukikivuta kwa nguvu kwenye hewa kavu kinapata umeme na kunyonya vumbi. Halafu kila holda ichonge pengo dogo ukingoni kwa tupa, alama itokee kwenye negativi. Bila hiyo utalaumu holda zote.

Mpigapicha_Uyole: Shikamoo mama, na asante. Nimeangalia kwa lenzi. Vingi havina umbo, kimoja ni kama unywele. Negativi zote mbili zilikuwa holda moja, upande huu na huu, ile kuukuu ambayo kitambaa chake cha mdomoni kinanyonyoka. Ila ya pili ina duara tatu kamili.

Fundi_Gangilonga: Basi una makosa mawili. Duara hizo ni viputo. Loweka filamu kwenye maji ya kawaida dakika mbili tatu kabla ya dawa, na usiache kuitikisa nusu dakika ya mwanzo.

Tukuyu_Mvua: Nakubali, siki haihusiki hapa.

Mpigapicha_Uyole: Holda nimeichonga na kuifuta. Jumamosi napiga ukuta mweupe vipande viwili, kimoja kwa holda hiyo, kingine kwa nzima, vyote nitavilowesha. Nitaleta majibu.