Arthur's Seat: huu mlima ulizimika kweli?

Mtoto wa Himo:
Wakuu, nipo Edinburgh, Scotland, mwaka wa pili. Kilima hiki (mita 251, mtu wa Kilimanjaro hawezi kuita mlima) wanasema kilikuwa volkano. Mbona sioni kreta, lile shimo la juu? Na nikiokota kijiwe nimpelekee babu, kuna ubaya?

Mama Jiwe:
Kijana, kiache hapo hapo. Ni eneo la hifadhi. Kreta utaitoa wapi? Kililipuka miaka milioni 340 hivi iliyopita, kisha barafu ikakikwangua hadi kubaki mawe magumu ya ndani. Kwa umri, Kibo ni kitoto mbele yake.

Ule ukuta wa miamba ubavuni mwa kilima, Salisbury Crags, si lava iliyomwagika. Ni magma (mawe yaliyoyeyuka) iliyojipenyeza chini ya ardhi katikati ya tabaka za mchanga na tope, ikaganda humo. Nenda sehemu ya ukuta huo inayoitwa ya Hutton uone tabaka zilivyonyanyuliwa na kukunjwa. James Hutton, mwanajiolojia wa Scotland, alitumia ushahidi huo, karne ya 18, kuonyesha jiwe hilo liliwahi kuyeyuka. Mimi nilisimama pale na mvua inaninyeshea, sikuondoka.

Fundi Kokoto:
Ukuta huo waliuchimba pia, wakatandaza mawe yake kwenye barabara za mji! Uchimbaji ulisimamishwa 1831.

Mtoto wa Himo:
Kumbe. Kwetu vilima vyekundu tunaviita moramu tu, malori yanabeba. Kijiwe nimekirudisha, babu atapata picha.

Mama Jiwe:
Njia ya chini ya ukuta angalia vibao. Ilifungwa 2018, mawe yaliporomoka.