Mrejesho: Simba, mbwa wangu mzee wa Ujiji

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza kuhusu Simba, mbwa wangu wa miaka 12, aliyekuwa hawezi kuinuka asubuhi, miguu ya nyuma ikitetemeka. Asanteni sana mliojibu. Na wewe uliyeniwahi nisimpe diklofenaki, dawa yangu ya maumivu ya mgongo, Mungu akubariki. Daktari wa mifugo alisema ingeweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Alisema maungio ya nyonga yamelika, na hali hiyo haiponi. Alimwandikia meloksikamu, dawa ya maumivu, kwa kipimo cha uzito wake. Siku ya kwanza nilimpa kabla hajala, akatapika. Sasa anapewa baada ya chakula na hatapiki tena. Ugali nimepunguza, na amepungua kilo 3.

Kilichosaidia kuliko nilivyotegemea ni malazi. Niliweka kipande cha sponji juu ya magunia, asilale kwenye saruji. Alikizunguka mara tatu, akajilaza, akashusha pumzi ndefu. Nilitokwa na machozi.

Kutembea hadi ziwani kumeshindikana. Tulijaribu, akakaa chini njiani, nikambeba hadi nyumbani. Sasa tunaishia kwenye mwembe wa jirani, asubuhi na jioni. Ngazi za barazani bado zinamshinda. Ubao wa mteremko mlionishauri aliuogopa kwa sababu unateleza. Juzi nimeupigilia gunia, na jana jioni aliweka miguu miwili ya mbele, akanitazama, akarudi. Leo tunajaribu tena.