Binti yangu kapenda tenisi, baba yake anasema ni ya wenye hela

MamaUyole:
Habari wadau. Nipo Uyole, Mbeya, nauza viazi. Kaka yake anaokota mipira klabu moja mjini, na mdogo mtu kajifunzia huko huko. Ana miaka 12. Kila jioni anapiga mpira ukutani nyuma ya nyumba, mpira wenyewe umekwisha manyoya, anahesabu kwa sauti mpaka giza. Baba yake anataka aache ashike daftari. Kuna Mwafrika wa familia kama yetu aliyefika mbali? Niambieni ukweli, msinifurahishe.

KochaIringa:
Mama, pole na kazi. Mfuatilie Angella Okutoyi wa Kenya, kazaliwa 2004. Mama yao alifariki akiwazaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi aliyekuwa akifanya usafi shuleni Nairobi. Mwaka 2022 akachukua Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, upande wa wasichana, wawili wawili, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza walifungwa! Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi kama Wimbledon na French Open. Mwaka 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra.

Sasa sikiliza njia aliyopita, maana ndiyo jibu lako. Alichukuliwa na kituo cha shirikisho la kimataifa la tenisi Burundi, baadaye Morocco, kisha Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Vyuo vya kule vinasomesha wachezaji, ila bila sekondari ya maana huingii. Kwa hiyo daftari la baba yake na raketi havigombani hata kidogo.

Na hajachelewa. Mashindano ya kimataifa ya vijana yanaanzia miaka 13. Mbeya hewa nyepesi, mpira unapaa. Mtafutie mipira yenye nukta ya kijani, inakwenda taratibu zaidi.

Mwanjelwa1:
Kocha, hela ni kweli. Viatu, nyuzi za raketi, nauli. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda French Open ya vijana 2011, fainali ya kwanza ya wakubwa kwenye Grand Slam kaifikia 2022. Dada ajipange kwa miaka mingi.

KochaIringa:
Sikatai. Ndiyo maana raketi mpya isubiri, kwanza aombewe kiwanja saa ambazo wanachama hawapo.

MamaUyole:
Asanteni sana. Nimemsomea baba yake, anauliza hivyo vyuo vinataka sayansi tu?

KochaIringa:
Masomo yote, mama. Kiingereza akikazanie kuanzia sasa.