Naomba ushauri: kushusha mashine ya kusaga ya kilo 400 bila kuumiza mtu

Wakuu, habari za majukumu.

Tunahamisha mashine ya kusaga mahindi, kilo kama 400 pamoja na mota yake. Sakafu ni ya saruji. Vijana wanne wakiisukuma haitikisiki kabisa, ila ikishaanza kwenda inateleza kirahisi zaidi. Hilo naelewa: msuguano wa kitu kilichotulia huwa mkubwa kuliko wa kinachotembea. Uzito wake kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) ni takriban 3,920. Msuguano ukiwa nusu ya huo, kuing'oa tu ni sawa na kunyanyua kilo 200.

Kwa ndani nimeamua kuweka mabomba ya chuma chini yake iviringike. Tutainyanyua na mtaimbo upande mmoja mmoja.

Kinachoninyima usingizi ni kuishusha kutoka kwenye kenta. Bodi iko mita 1 juu, mbao zangu zina mita 4. Juu ya mabomba msuguano karibu unaisha, na mashine itavutwa chini kwa karibu nyutoni 980, kama uzito wa kilo 100. Nani ataizuia ikichomoka?

Mwenye uzoefu anisaidie: niondoe mabomba, msuguano wa mbao uishike, tuivute polepole? Au mabomba yabaki, kamba izungushwe mara mbili tatu kwenye nguzo tuwe tunailegeza? Na grisi kwenye mbao, wapo wanaoishauri, mimi naiogopa. Vijana hawa ni wa watu, sitaki mguu wa mtu ubaki pale.